Programu iliniambia niinue skrini, Bwana Viti akaishusha

Nataka kulinganisha programu ya kompyuta ya kupima mkao na mtu aliyekuja kutupima kwa macho yake. Ila kwanza mnijue, maana sifa za kiti bila kumjua anayekikalia ni maneno ya dukani. Mimi ni mama wa miaka 47, mfupi, mwili ninao, navaa miwani ya vioo viwili, yaani juu cha kuonea mbali na chini cha kusomea, na kazi yangu ni kuandaa nyaraka kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini, si mbali na geti la bandari. Kutwa naingiza namba: uzito, thamani, namba za makontena. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga huko katikati ya maji na mizigo inashushwa kwa matishari, kwa hiyo kazi ilitufikia kidogokidogo kama manyunyu. Tangu gati liongezwe kina na meli kuanza kufunga ukingoni, siku meli ikiingia mimi chakula cha mchana nakikuta saa kumi na moja kimeshapoa.

Shingo ilianza mwaka juzi. Likafuata bega la kulia, kisha ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Hospitali nikapewa dawa za maumivu na kuambiwa nipumzike. Nipumzike wapi, na ada ya watoto alipe nani?

Bosi wetu hana roho mbaya. Alianza kwa kununua programu ya kompyuta inayopima mkao wa mfanyakazi. Baada ya miezi minane, alipoona bado najikanda shingo kama mtu aliyelalia mto wa jiwe, akamwita mtaalamu wa mikao ya kazini aje kututazama kwa macho yake. Kwa hiyo hapa nazungumzia mwili uleule, meza ileile na feni ileile, vikapimwa mara mbili. Majina ya kampuni siyataji, mtanisamehe, sitaki simu za watu.

Programu tulilipia shilingi 15,000 kwa kichwa kwa mwezi, na tuko wanne. Ukiifungua inakuuliza maswali kama ishirini hivi ya ndiyo na hapana, kisha inakutazama kwa kamera ya laptopu na kukuchorea vitone kwenye masikio na mabega, na mistari ya kuviunganisha. Mistari ikikaa sawa unapata kijani, ikipinda unapata nyekundu. Halafu kila nusu saa inafunika skrini kukwambia unyanyuke.

Mimi navaa mtandio na buibui. Kamera ikanitafuta mabega, ikayakosa. Siku ya kwanza iliweka kitone cha sikio langu karibu na kifua, ikanipa nyekundu, ikaniandikia kwa upole kwamba nimeinama sana. Nilikuwa nimekaa wima kama nguzo ya umeme! Nikasogeza mtandio nyuma, ikanipa njano. Nikaurudisha, nyekundu. Kijana wetu wa hesabu, ambaye anajilaza kwenye kiti kama yuko ufukweni Raskazone, yeye ni kijani tangu siku ya kwanza kwa sababu anavaa shati la kubana na mabega yake yanaonekana. Kamera iko mbele, mgongo haiuoni. Ukiupinda mgongo kama ndoano lakini mabega yako sawasawa, kwake wewe ni mtu mzima wa afya.

Na yale maswali. "Je, miguu yako inagusa sakafu?" Nikajibu ndiyo, na sikudanganya. Inagusa, kwa ncha za vidole.

Ila kosa lililoniumiza hasa lilikuwa la skrini. Programu ilinielekeza ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Kwa watu wengi ushauri huo ni sahihi, hata yule mtaalamu baadaye alikubali. Basi nikaipandisha laptopu juu ya rimu tatu za karatasi, nikanunua kibodi ya pembeni, nikajiona wa kisasa. Wiki mbili hazijaisha, maumivu yalikuwa yameshapanda kutoka shingoni hadi kisogoni, na jioni nikipita barabarani na baiskeli siwezi kugeuza kichwa kuangalia bajaji. Nikajibu maswali yote upya. Ikanipa alama nzuri kuliko mwanzo na kunipongeza kwa maendeleo.

Mambo mengine nayapitia haraka. Intaneti ikikatika programu inanyamaza kimya. Kamera ilituletea maneno ofisini: dada wa mapokezi aliibandika plasta siku ya pili, akasema hajui picha zake zinalala wapi, na kijana wa hesabu alipogundua kwamba bosi anaona michoro ya kila mmoja wetu, akauliza kama zile dakika za kunyanyuka zitakatwa kwenye mshahara. Bosi akasema hapana. Swali lenyewe lakini lilibaki ofisini kama harufu ya samaki, na kuanzia hapo watu wakawa wanakaa kwa ajili ya kamera.

Kuna kitu kimoja ilichonifanyia ambacho hakuna binadamu aliyewahi kunifanyia, nacho sitaki kukificha. Mwisho wa mwezi ilinionyesha mchoro wa siku zangu. Alhamisi moja, siku ya meli, nilikaa saa tano na dakika kumi bila kunyanyuka hata mara moja, na ilipokuja kufunika skrini nilibonyeza "baadaye" mara kumi na nne. Ningeulizwa ningeapa kwamba nilinyanyuka. Niliutazama ule mchoro nikaona haya peke yangu.

Sasa huyu mtu. Ofisini tulimbandika jina la Bwana Viti kabla hajafika, na likamganda. Ni kijana wa thelathini na kitu, alitoka Dar kwa basi, akashuka Kange usiku, na asubuhi saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni na mkoba mmoja: futi ya utepe, kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili, kifaa kidogo cha kupima mwanga, kamera, na mafungu ya karatasi. Malipo yalikuwa shilingi 600,000 kwa siku nzima, pamoja na nauli na chumba cha kulala. Nilipoisikia hiyo bei nilimwambia bosi kwamba kwa pesa hiyo mimi ningejikanda mwenyewe.

"Shikamoo mama," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Saa nzima ya kwanza hakupima kitu. Alikunywa chai, akala mahamri na mbaazi za mama wa getini, akatutazama. Sisi tumekaa kama watoto wa chuo mwalimu akiingia na bakora. Akacheka: "Leo naona mmekaa vizuri sana. Endeleeni na kazi tu, mimi nitawangoja mchoke." Na kweli akangoja. Ilipofika saa tano kila mtu alikuwa amesharudi kwenye umbo lake la kila siku, ndipo akafungua mkoba.

Kwangu alianza na uso, meza hakuigusa. "Mama, hiyo miwani ni ya vioo viwili?" Nikasema ndiyo. Akaniomba nimsomee namba ya kontena iliyo kwenye skrini, naye akasimama ubavuni kwangu, anatazama kidevu. Nikasoma. "Soma tena ya chini yake." Nikasoma. Akaweka kile kipimapembe hewani karibu na shingo yangu bila kunigusa, akaandika. Kisha akanieleza: kioo cha kusomea kiko chini ya miwani, kwa hiyo ili nione skrini iliyo juu lazima nikirushe kichwa nyuma niitazamie kwa kile kioo cha chini. Kutwa nzima, kwa maelfu ya namba, nilikuwa natazama kazi yangu kama mtu anayetazama nazi mnaziani. Akatoa rimu moja, nikasoma. Akatoa ya pili. Alipotoa ya tatu kidevu kikashuka chenyewe, akalaza skrini nyuma kidogo, akasema hapo hapo pasiguswe.

Miezi minane! Na programu haikuwahi kuniuliza kama navaa miwani.

Akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti changu. Hicho kiti kilinunuliwa kwa pesa nzuri, cheusi, cha ngozi ya bandia, chenye vitufe vya kupanda na kushuka. "Kiti kizuri hiki, mbona hukiegemei?" Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu: wakati wa kaskazi, kiyoyozi kikiwa kimekufa na umeme wenyewe unakuja na kuondoka, nikikiegemea kinanibandika mgongoni kama karatasi ya keki. Kwa hiyo nakaa ukingoni, robo tatu ya kiti iko nyuma yangu inapigwa na upepo wa feni. Programu ilikuwa inaniandikia "egemea kiti" kila siku. Huyu hakuniambia niegemee. Alisema kitafutiwe foronya ya pamba, na jioni ileile dada wa mapokezi akaleta kanga, fundi cherehani akaishona na kamba nne za kufungia. Maandishi ya ile kanga ni ya mafumbo makali, na bosi akipita nyuma yangu huwa anasimama kidogo kuyasoma, nadhani anajiuliza kama anasemwa yeye.

Halafu akaomba ruhusa ya kutazama chini ya meza. "Samahani mama, naomba nione miguu inakaa wapi." Akachutama. Meza yangu ilichongwa enzi za mtangulizi wangu, bwana mmoja mrefu, na futi ikasema ina sentimita 79. Meza za ofisi za kawaida huwa sabini na kitu kidogo, na hata hizo kwa kimo changu ni ndefu. Mimi nilikuwa nakipandisha kiti mpaka viwiko vilingane na meza, miguu inabaki inaning'inia, vidole vinachokonoa sakafu, na ukingo wa kiti unanikata nyuma ya mapaja. Kukata miguu ya meza bosi hakutaka, ni mvule wa zamani. Basi akatuchorea kibao cha kuwekea miguu, kilicholala mshazari, na fundi seremala wa Ngamiani akakitengeneza kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu. Shilingi 12,000. Hiki ndicho kitu bora kuliko vyote nilivyopata kwenye habari hii nzima, na nilishakinyang'anywa mara mbili na dada wa mapokezi.

Feni nayo ilikuwa na kesi yake. Kwa kuwa inapeperusha karatasi, mimi huzilaza kushoto kwangu na kuzikandamiza kwa kiwiko, huku mkono wa kulia unaandika. Yaani nusu ya mwili ni mfanyakazi, nusu ni jiwe. Nilikuwa sijijui kabisa. Yeye aliliona kwa sababu alikaa kimya saa tatu ananitazama. Fundi yuleyule akatengeneza kibao cha kusimamishia karatasi, kinakaa kati ya kibodi na skrini, na kina ufito wa kuzibana.

Na simu. Wanawake wenzangu mnajua: simu inachomekwa ndani ya mtandio, mikono inabaki huru. Nilidhani hilo ni werevu, naye alikiri kwamba ni afadhali kuliko kuibana kwa bega. Ila akanirekodi video fupi akanionyesha: hata ikiwa imechomekwa, shingo yangu bado imelala upande, kwa woga kwamba itadondoka. Nikanunua waya za masikioni zenye kipaza sauti.

Karatasi aliyotumia kutupimia inaitwa ROSA, kipimo cha kazi za ofisini kilichochapishwa mwaka 2012. Unatoa alama kwa kiti, kwa skrini na simu, kwa kibodi na kipanya, unazipitisha kwenye majedwali na kupata namba moja kati ya 1 na 10. Kuanzia 5 kwenda juu, hapo panatakiwa kushughulikiwa bila kungoja. Mimi nilipata 7. Baada ya marekebisho akanipima tena jioni, 4. Nilimuuliza kwa nini asiweke hesabu hiyo kwenye simu aachane na karatasi. Akasema hesabu yenyewe anaweza kumwachia simu, ila macho hapana, maana simu itapiga hesabu nzuri ya kitu ilichokiona vibaya. Nikaukumbuka mtandio wangu.

Mchana wote akahamia stoo. Hapa ndipo nilipoacha kulalamikia bei. Programu yetu haijui hata kama stoo ipo, imenunuliwa kwa wenye laptopu, wakati wanaoumia migongo kweli ni vijana wanaobeba magunia ya kilo hamsini kutoka sakafuni. Aliwaambia kuhusu hesabu ya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini iitwayo NIOSH, inayoanzia kilo 23: huo ndio uzito wa juu wa kuinua kwa mikono hali zote zikiwa nzuri, na kila unapoushika mzigo mbali na mwili, au ukainama, au ukajipinda, hiyo 23 inashuka. Mzee wa stoo akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, ishirini na tatu ni kikapu cha mke wangu akitoka sokoni."

Kijana hakubishana. Akauliza tu magunia yanashuka wapi, nani anayapokea, kwa nini yanalazwa chini. Akaomba yalazwe juu ya mapaleti mawili yaliyobebanishwa, ili mtu aanzie kuinua usawa wa magoti na si kwenye kisigino, na gunia moja washike wawili. Mapaleti yalikuwepo nyuma ya jengo yanaota uyoga. Mzee yule ambaye hajawahi kumsifu mtu alikuja kuniambia baadaye, "Huyu wenu ana adabu, anauliza kwanza." Bosi naye alifurahi kwa sababu zake, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ayajali mambo haya, na sasa ana karatasi ya kuonyesha.

Msidhani nimelogwa. Ripoti yake ilichukua wiki tatu kufika, kurasa 22, na kwenye ukurasa mmoja ametushauri tupange upya foleni ya wateja wa benki. Sisi si benki. Ni wazi kwamba alinakili kazi ya mteja mwingine akasahau kufuta, na kwa shilingi 600,000 hilo linaudhi. Amependekeza viti ambavyo nimezunguka maduka ya Tanga yote sijavikuta. Kubwa zaidi, alikuja siku ya Jumanne isiyo na meli. Alitungoja tuchoke, sawa, lakini kuchoka kwa saa tano asubuhi ya siku tulivu ni kitu kingine kabisa na kuchoka kwa saa mbili usiku mteja anapiga kelele kwenye simu na mfumo wa forodha unazunguka tu haufunguki. Mimi wa saa ile hanijui. Programu ndiyo inayomjua, kwa ule mchoro wake wa Alhamisi.

Na akiondoka ameondoka. Mwezi wa kwanza nilikaa kama bibi harusi, wa pili nikaanza kuteleza ukingoni mwa kiti, kanga au si kanga.

Kuhusu mkono alinijibu kwa ukweli: hiyo ganzi ya vidole vitatu kibao cha miguu hakitaiondoa, nirudi kwa daktari niseme hasa ni vidole vipi na inanishika saa ngapi usiku. Nimerudi, naendelea na matibabu. Shingo imetulia, naweza kugeuka kuangalia bajaji. Kichwa cha jioni kimeisha kabisa tangu ile rimu ya tatu iondoke.

Usajili wa programu tumeusitisha mwezi uliopita. Badala yake kijana wa hesabu ametuwekea Workrave, ambayo ni ya bure, haina kamera wala haihitaji intaneti, inahesabu tu unavyoshika kibodi na kipanya na kukukumbusha kupumzika. Nilichokipenda ni kwamba ukiondoka mwenyewe kwenda kunywa maji inajua umepumzika, haikudai tena. Inavyokuja imepangwa ikupe mapumziko mafupi kila dakika tatu, kwangu hiyo ilikuwa kero ya mbu, nikaisogeza mpaka kumi. "Baadaye" bado naibonyeza. Mara chache kuliko zamani, na siku za meli sitoi ahadi.

Nyota: ile programu ya kulipia naipa mbili kati ya tano, ya pili ni kwa ajili ya ule mchoro tu. Ukiwa kijana, huna miwani, unavaa shati na meza yako ni ya kiwandani, huenda ukaipa nne na usikosee. Bwana Viti nampa nne, ya tano imebaki kwenye foleni ya benki. Ofisi ndogo ya watu wawili watatu ningewashauri mchange na majirani wa jengo mumlete siku moja awapime nyote, kwa kuwa nauli na chumba ni vilevile awe anapima meza nne au kumi.

Bosi anataka kumrudisha baada ya mwaka. Nimemwambia safari hii asimpangie tarehe, aangalie kwanza ratiba ya meli, na chumba amlipie siku mbili.